Sura ya Tano: Mboga Iotayo Njiani

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake. Wanaouza ni wanawake, wanaonunua ni wanawake, na atakaye kununua vizuri huamka na adhana ya alfajiri, maana ikifika saa nne jua limekwishapanda na wengi wanafunga mizigo yao. Utakuta vitambaa vya kushonea, ubani, udi, hina, nguo za watoto, na dawa za miti ndani ya makopo yaliyokuwa ya maziwa ya unga. Siku hiyo nilikwenda kutafuta zaatari ya mlimani. Pembeni mwa njia, karibu na muuza hina, alikuwa ameketi bibi mmoja na beseni la plastiki mbele yake. Ndani ya beseni mlikuwa na mafungu ya majani mafupi, manene, yenye mashina mekundu, bado yanachuruzika maji.

"Barbiri," akanijibu kwa Kiarabu nilipouliza jina. Kisha akanitazama usoni. Sijui alisikia nini katika lafudhi yangu, lakini maneno yaliyofuata yalikuwa Kiswahili cha Unguja. "Kwetu tukiiita tako la Hasani. Mama yako hakupata kukupikia, mwanangu?"

Nikamwamkia upya, safari hii kwa shikamoo. Alinipikia, nikamwambia, tena sana. Nilichokuwa sikijui hadi asubuhi ile ni kwamba mboga ya chuzi la mama na yale magugu ambayo ami yangu aliyang'oa kwenye shamba la gati, majani ya mifugo, na kuwatupia mbuzi vilikuwa kitu kimoja. Mama aliichuma nyuma ya nyumba, akaipika na papa, akaiita mboga tu. Ami aliikuta imetambaa katikati ya majani ya mifugo, akaiita barbiri, akailaani. Mtoto aliyekuwa akipita baina ya jiko na shamba alikua na mimea miwili kichwani mwake, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiarabu, na mimea hiyo haikuwahi kukutana.

Watu wa namna yetu ni wengi huku. Ukizunguka Ibra, Mudhairib, Sur, Nizwa na Manah utazikuta nyumba ambazo babu yao alikwenda Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora, na wajukuu wakarudi baada ya 1964, au baada ya 1970 nchi ilipofunguka. Majumba ya zamani ya mtaa wa Manzafa hapa Ibra yalijengwa kwa mali ya biashara ya huko. Sebuleni hutasikia Kiswahili mara nyingi. Nenda jikoni.

Mmea wenyewe wataalamu wanauita Portulaca oleracea. Haukui juu, hutambaa. Shina lake ni la mviringo, laini, limejaa maji, rangi yake kati ya kijani na wekundu wa zambarau. Jani lina umbo la kijiko kidogo, nene kama sikio la mtoto, halina manyoya. Ua lake ni la njano, hufunguka asubuhi jua likiwaka na kujifunga kabla ya adhuhuri. Mbegu ni nyeusi, ndogo kuliko punje ya ufuta, na mmea mmoja huzaa makumi ya maelfu. Hapo ndipo ilipo hasira ya ami: unang'oa mmoja leo, mwezi ujao umeota uwanja mzima.

Waarabu wa zamani waliuita rijla, na wakaupa jina jingine lenye masimango, baqlat al-hamqa, yaani mboga ya mjinga. Walikuwa na methali ya kumwambia mtu kwamba ni mjinga kuliko rijla. Sababu waliyoitoa ni kwamba unaota kwenye njia za watu, ukakanyagwa, na kwenye mapito ya mafuriko, ukang'olewa na maji. Mmea wenye akili, walisema, ungechagua mahali pengine. Nimeufikiria sana ujinga huo. Mahali pa kukanyagwa huku kwetu ndipo mahali penye maji. Oman ya ndani hupata mvua kidogo mno, na Nizwa mwezi wa Juni joto hupita nyuzi 45. Anayeota mbali na njia ya maji hukauka. Rijla imechagua nyayo za watu ikaacha kiu, nami siuoni ujinga wowote hapo.

Wachina huuita ma chi xian, na hapa Mswahili hana haja ya mkalimani. Xian ni mchicha. Ma chi ni meno ya farasi. Mchicha wa meno ya farasi! Li Shizhen, tabibu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika Bencao Gangmu, kitabu kikubwa cha dawa kilichochapishwa 1596 yeye akiwa amekwishafariki, alieleza kwamba majani yamejipanga kama meno ya farasi na yanateleza mdomoni kama mchicha. Jina lake la pili ni nyasi ya asili tano, kwa sababu ya rangi zake: jani la kijani, shina jekundu, ua la njano, mzizi mweupe, mbegu nyeusi. Katika falsafa yao rangi hizo ni za mti, moto, udongo, madini na maji, vitu vitano ambavyo kwavyo wanaeleza dunia na mwili wa mtu. Wengine huuita mboga ya maisha marefu.

Tena wana ngano juu yake. Zamani majua yalikuwa kumi angani, dunia ikaungua. Mpiga mishale Hou Yi akayatungua tisa, moja baada ya jingine. La kumi lilikimbia likajificha chini ya majani ya mchicha wa meno ya farasi, na mmea ukalisitiri. Tangu siku hiyo jua halikusahau fadhila, ndiyo maana haliuchomi. Mkulima yeyote wa Ibra atakwambia kwamba ngano hiyo ina kweli yake. Ng'oa barbiri Jumamosi, itupe juu ya jiwe katikati ya Julai, rudi Jumanne: bado ina uhai, pengine imechanua, na mbegu zake zinaendelea kuiva.

Nikitaja China huku kwetu Sharqiyah sivuti kamba ndefu. Sur na bahari ya China zina kujuana kwa zamani. Vitabu vya Ibadhi vinamkumbuka Abu Ubaida, mfanyabiashara wa Oman aliyefika China katika karne ya 8. Na mnamo 1980, katika ufuo wa Sur, mafundi walilishona jahazi liitwalo Sohar kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, likasafiri na mwandishi wa safari Tim Severin kutoka Muscat mpaka Guangzhou, likafika 1981. Lakini sitaki msomaji adhani kwamba mboga hii ilipakiwa jahazini. Haikuhitaji nauli. Imeenea Asia, Afrika na Ulaya tangu kale, na katika matope ya ziwa moja la Kanada wanasayansi wamekuta mbegu zake za kabla ya Columbus. Kinachonishughulisha ni jingine: watu waliokuwa mbalimbali, wakiwa na mmea huohuo miguuni, waliufikiria kwa namna inayokaribiana mno.

Wote walisema ni baridi. Tiba ya Wachina huipa tabia ya baridi na ladha ya uchachu, na husema inakwenda kwenye ini na utumbo mpana. Tiba ya Wagiriki iliyopokewa na Waarabu, aliyoiandika Ibn Sina na waliyoifuata matabibu wa Oman kama Rashid bin Umaira wa Rustaq katika karne ya 16, huipanga rijla katika vitu baridi na vyenye unyevu. Na mama yangu, ambaye hakusoma kitabu cha yeyote kati ya hao, alikuwa akisema, "Inapoza."

Alimaanisha hasa. Mwezi wa saba tulikuwa tukitoka harara shingoni na kwapani mpaka usingizi hauji. Mama aliitwanga mboga mbichi kwenye kinu kidogo cha thomu, akaikamua kwa kitambaa cha melimeli, akatupaka ule ute wa kijani. Nakumbuka ubaridi wake, na jinsi muwasho ulivyotulia tukalala. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wachina huuchemsha mmea huuhuu na kuosha kwa maji yake ukurutu na majipu, nikahisi kama mtu amenisomea barua ya nyumbani.

Kitabu rasmi cha dawa cha China hadi leo kinauorodhesha. Unavunwa kiangazi na vuli, unaondolewa mizizi, unapitishwa kwenye mvuke au maji ya moto, ndipo unaanikwa. Usipoupitisha motoni haukauki, unaendelea kuishi juani, kama ngano inavyosema. Kipimo ni gramu 9 mpaka 15 za majani makavu, zinachemshwa na kunywewa. Magonjwa yanayotajwa ni kuhara damu, majipu, ukurutu, kuumwa na wadudu, na kutokwa damu kwa bawasiri. Hapa lazima niseme waziwazi. Kuhara damu kwa mtoto ni jambo la hospitali. Mdogo wangu alipopatwa akiwa na miaka mitatu, mama alichemsha mboga na baba alitia ufunguo gari, siku ileile, saa ileile. Alikunywa kikombe kimoja cha ile dawa ya kijani njiani na chupa nzima ya maji ya chumvichumvi alipofika. Sijui na sitojua kikombe kile kilifanya nini. Najua chupa ilifanya nini.

Wazanzibari wameuzoea utabibu wa Kichina kwa muda mrefu. Timu za madaktari kutoka Jiangsu zimekuwa zikija visiwani tangu 1964, na kizazi cha wazazi wetu kilikua kikilisikia neno "dawa ya Mchina" likitajwa kwa heshima. Heshima hiyo naipenda, ila wakati mwingine humfanya mtu anunue pakiti ya unga wa majani kwa bei ya kilo mbili za nguru, na hali majani yenyewe yanaota nje ya mlango wake na watoto wanayaruka wakienda madrasa.

Maabara zimesema nini? Gramu 100 za barbiri mbichi ni maji kwa kiasi cha gramu 93. Katika zile zinazobaki mna miligramu 494 hivi za potasiamu na 68 za magnesiamu. Mwaka 1986 daktari Artemis Simopoulos na mwenzake waliandika katika jarida la tiba la Marekani kwamba mmea huu una mafuta ya omega-3 kwa wingi usio wa kawaida katika mboga za majani. Vipimo vilivyofuata, vilivyochapishwa 1992, vilikuta miligramu 300 hadi 400 za asidi ya alfa-linoleniki katika kila gramu 100, na vitamini C kama miligramu 26. Mtu wa Sur aliyekula jodari tangu utotoni hatashangazwa na omega-3, na ni kweli mafuta ya samaki hutumika mwilini kwa wepesi zaidi. Lakini mwanamke wa Izki au Manah, mbali na bahari, aliyekuwa akipata samaki mkavu mara mojamoja, alikuwa na kitu cha thamani kando ya mfereji wake. Na vitamini C ndiyo iliyowafanya mabaharia wa Ulaya wateremke nchi kavu kuutafuta mmea huu, ufizi ukiwa umeanza kuwatoka damu kwa kiseyeye.

Kuhusu kisukari, ugonjwa ulioingia karibu kila nyumba ya Ghuba, zipo tafiti ndogo za Misri na Iran ambamo wagonjwa walipewa mbegu za mmea huu na wakaonekana kupata nafuu kidogo. Ndogo ni ndogo. Mwenye sukari na aile mboga kwa furaha na vidonge vyake asiviache.

Sasa falaji, mfereji wetu wa maji wa kale, maana huwezi kuielewa mboga hii bila falaji. Oman ina falaji zaidi ya 3,000 zinazofanya kazi mpaka leo. Tano kati yake zimeingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na katika hizo Daris iko Nizwa, Khatmeen iko Birkat al-Mawz, Malki iko Izki, na Jeela iko upande wa Sur. Maji hutoka chini ya ardhi kwa mteremko wake, bila pampu, na hugawanywa kwa muda. Kipimo kimoja, athari, ni kama nusu saa, na wazee walikipima kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Yakitokeza juu maji hupita kwanza shariani, mahali pa kuchota ya kunywa, kisha msikitini, kisha mabafuni, ndipo yaingie mashambani. Kila mahali yanapovuja, barbiri ipo. Basi kanuni ya kuchuma imo katika mpangilio huohuo: chuma juu, usichume chini ya mahali pa kufulia na kuogea. Wala usichume kwenye shamba lililopigwa dawa ya magugu, hata mwenyewe akikuruhusu.

Saa ya kuchuma nayo ina maana, na hili mama alilijua ulimini kabla sijalisoma. Barbiri ya alfajiri ni chachu. Ya alasiri imepoa uchachu. Mmea ukiwa na kiu hufunga vitundu vya majani mchana ili usipoteze maji, na usiku huvifungua, ukavuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kwa namna ya asidi. Usiku kucha asidi inakusanyika, mchana inatumika. Juu ya hilo, mmea huuhuu una njia nyingine ya kujilisha kwa jua, ile ya mahindi na miwa. Mimea mingi haina hata mojawapo, na iliyo nayo aghalabu huwa na moja tu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba barbiri inazifanya zote mbili kwa pamoja, ndani ya seli zilezile. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda kusimama ukingoni mwa mfereji, nikautazama mmea wa mjinga kwa muda mrefu.

Kabla ya kuingia jikoni, tahadhari, na naomba zisomwe mpaka mwisho. Kuna kimmea kinachotambaa ardhini mahali palepale, majani madogo, shina jekundu jembamba, kinachofanana nayo kwa asiyeangalia. Kivunje: kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, kitupe, unawe mikono. Ni sumu. Barbiri ukiivunja hutoa maji tu. Kuna na mwingine, mnene, wenye majani mapana zaidi ya mviringo na maua ya waridi au meupe yaliyojificha kwenye kikwapa cha jani. Huo nao si wenyewe. Wenyewe una ua la njano juu kwenye ncha. Tena, mboga hii ina oksaleti kwa wingi, kama spinachi na zaidi. Aliyewahi kupata mawe ya figo asiizoee, na ambaye figo zake zimedhoofika asiile bila kumwuliza daktari, kwa sababu ya ile potasiamu. Mjamzito asiinywe kama dawa. Wachina wenyewe wanakataza.

Mama alikuwa akiichuma alasiri kwa chuzi la nazi, na sababu yake ilikuwa ya mpishi: uchachu ukizidi tui hukatika. Papa alikuwa wa Sur. Babu zetu walishuka na kaskazi mpaka Unguja wakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti, na harufu ya papa mkavu ndiyo iliyokuwa ikisikika katika bandari zote mbili. Papa alirowekwa usiku kucha, akaoshwa kwa maji ya vuguvugu mara tatu, akachemshwa na kuchambuliwa. Mama alikaanga kitunguu mpaka kikawa cha dhahabu, akatia thomu, nyanya, bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, kisha papa, kisha tui la pili. Likichemka, aliitia mboga kwa mkono, mashina pamoja na majani, yamekatwa mara mbili tu. Moto mkubwa, dakika chache. Ukiipika sana inakuwa na utelezi kama bamia iliyosahauliwa, ukiikoroga sana vilevile. Tui zito mwisho, na ndimu baada ya kuteremsha chungu. Wali mweupe. Mashina yanabaki na mtafuno kidogo, na kile kiuchachu chake kinaukata uchumvi wa papa kwa namna ambayo mchicha hauwezi, na nimejaribu na mchicha.

Bibi wa sokoni alikuwa na upishi mwingine. "Sisi huku twaila na labani," aliniambia akifunga mafungu yangu kwa ukuti. Unaiosha, unaikatakata mbichi au unaipitisha kidogo kwenye maji yanayotokota na kuyamwaga. Unatwanga thomu na chumvi, unaichanganya na labani nzito au mtindi, unaifikicha nanaa kavu juu. Unakula na mkate rakhali uliotoka kwenye sahani ya chuma, bado unavunjika kwa ukavu. Mchana wa Julai ndicho chakula pekee ambacho tumbo linakipokea bila kulalamika. Miaka michache iliyopita nilikutana na kazi ya watafiti wa New Zealand waliopima oksaleti za mmea huu. Walikuta kwamba ukiliwa na mtindi, kalisi ya maziwa huikamata sehemu ya oksaleti ile ambayo ingeingia mwilini, na kuipunguza. Wanawake wa Sharqiyah hawakupima. Walionja, wakaona tumbo linatulia, wakawafundisha binti zao. Na yale maji ya kuchemshia wanayoyamwaga nayo yanaondoka na sehemu yake.

Upishi wa Kichina niliujaribu kwanza kwa woga, kisha ukawa wa kila wiki. Chukua barbiri ya asubuhi, safari hii uchachu unatakiwa. Itumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja, itoe, itie kwenye maji baridi, ikamue. Thomu iliyotwangwa, siki, mchuzi wa soya kidogo, mafuta ya ufuta, pilipili. Badala ya siki ya dukani mimi hutia siki ya tende, ambayo ina utamu kwa mbali. Ufuta unastahili neno lake: unakaanga vijiko viwili vya mbegu zenyewe kwenye kikaango kikavu mpaka zinarukaruka, unazisaga nusu, unanyunyiza. Kula ikiwa baridi, na wali na samaki wa kuchoma.

Na kuna vibumba. Shandong, mashariki ya China, huianika mboga kiangazi na kuifanya kijazo cha mikate ya mvuke wakati wa baridi. Mwezi wa Mei nilichuma kapu zima, nikaipitisha kwenye maji ya moto, nikaitandaza juu ya mkeka darini. Jua la Ibra lilimaliza kazi kwa siku mbili. Ilikauka ikawa nyeusi, kama majani ya chai, na kapu likawa konzi mbili. Inakaa mwaka mzima kwenye gudulia. Ukiitaka, iroweke kwa maji ya vuguvugu mpaka ilainike, ikamue, ikate ndogondogo. Changanya na mayai yaliyokaangwa na kuvurugwa, majani ya kitunguu, mafuta ya ufuta, chumvi. Wapo wanaotia nyama, na Waislamu wa China hutia ya ng'ombe au kondoo. Unga wa ngano na hamira, kama wa maandazi lakini bila sukari wala nazi. Uumuke, ukate madonge, usukume, ujaze, ufinye juu. Dakika 15 za mvuke, sufuria limefunikwa kwa kitambaa chini ya kifuniko ili matone yasidondokee unga. Mboga iliyokaushwa haina tena ile ladha ya kijani. Imekuwa nzito, ya udongo na moshi kidogo, karibu na kisamvu kilicholala. Shangazi yangu wa Sur alikula vitatu bila kusema neno, kisha akaomba achari ya ndimu, akala cha nne.

Nilirudi kwa bibi wa sokoni majira yaliyofuata, nikiwa na vibumba sita ndani ya kitambaa. Hakuuliza ni nini. Alikimega kimoja, akanusa, akatafuta kile kijani kwa ncha ya kidole. "Tako la Hasani," akasema, mdomo umejaa, "limevaa kanzu." Akanipa fungu moja bure na akanionyesha jinsi ya kuosha: beseni la kwanza kutoa mchanga, la pili kutoa mbegu, la tatu kwa ajili ya moyo wako. Maji ya beseni la pili yalibaki na vumbi jeusi chini, mbegu mamia kwa mamia.

"Hayo usiyamwage chooni," akaniambia. "Yamwage penye ndimu."

Nilipofika nyumbani nikaliosha fungu langu, na maji ya beseni la pili nikayamwaga penye ndimu.